Kura za Novemba Marekani: wengine wanaangalia New York, mimi naangalia bili ya stima Georgia

Tangu tarehe 4 Novemba 2025 simu yangu imejaa Zohran Mamdani. Grupu ya familia, grupu ya wale tuliosoma pamoja, hata ile grupu ya michango ambayo kawaida haina maneno zaidi ya "imefika" na "asanteni sana", kote ni video za yule kijana, ati mtoto aliyezaliwa Kampala amekuwa meya wa New York, Mwislamu wa kwanza, miaka 34, baba yake ni Profesa Mahmood Mamdani wa Makerere na mama yake ni Mira Nair wa filamu. Na mimi nimefurahi sana, sifichi. Zaidi ya watu milioni 2 walipiga kura mji ule, idadi kama hiyo haijaonekana tangu 1969, na yeye akapata nusu na ushee mbele ya Andrew Cuomo ambaye alishawahi kuwa gavana wa jimbo zima. Ni jambo kubwa na nyumbani mna haki ya kulisherehekea.

Lakini mtu akiniuliza, haya wewe uko huko, hebu tuambie Wamarekani wana hali gani moyoni saa hii, simpeleki New York. New York ina mambo yake. Nampeleka kwenye kitu ambacho hakuna hata mmoja aliyenitumia video yake, viti viwili vya tume inayopanga bei ya stima hapa Georgia ninapokaa. Nitafika hapo.

Kwanza hizi kura zenyewe, manake zinachanganya watu. Huku rais na bunge wanachaguliwa miaka inayogawanyika kwa mbili, 2024, 2026, hivo hivo. Ila kuna majimbo na miji ambayo kura zao zinaangukia mwaka wa kando. Virginia na New Jersey wanachagua gavana mwaka mmoja baada ya kura ya rais, meya wa New York hivo hivo, Kentucky na Mississippi wao ni mwaka mmoja kabla. Sio kama chaguzi ndogo zetu za Kenya za tarehe 27 Novemba, Magarini ambako mahakama ilifuta ushindi, Malava ambako mbunge alifariki, Mbeere Kaskazini ambako mbunge alichukuliwa kuwa waziri. Hizi za huku tarehe yake iko kwenye kalenda miaka yote. Kinachofanana ni kimoja tu, jina la rais halipo kwenye karatasi na bado kila mtu anampigia hesabu yeye.

Na hesabu ya 2025 ilikuwa mbaya kwa Trump na chama chake cha Republican, tena kila upande. Virginia Abigail Spanberger wa chama pinzani cha Democratic alishinda kwa pointi kama 15, mwanamke wa kwanza kuwa gavana pale, na naibu wake ni Ghazala Hashmi, Mwislamu. New Jersey Mikie Sherrill, Mdemocrat pia, alishinda kwa pointi kama 14 wakati kura za maoni nyingi zilikuwa zinasema itakuwa nguo kuchanika. California wakapitisha kwa asilimia 64 hivi ile Proposition 50 ya kuchora upya mipaka ya maeneo bunge ili kujibu Texas waliochora yao kuwasaidia Warepublican. Pennsylvania majaji watatu wa mahakama ya juu waliochaguliwa kwa tiketi ya Democratic wakabakishwa na wapigakura. Mississippi, hebu fikiria Mississippi, Warepublican wakapoteza ile theluthi mbili waliyokuwa nayo kwenye seneti ya jimbo. Usiku ule nilikuwa nafungua simu kila dakika na kila nikifungua ni kitu kingine.

Sasa Georgia.

Hiyo tume inaitwa Public Service Commission. Ni watu watano. Kampuni ya stima ikitaka kuongeza bei inapeleka makaratasi yake kwao, wao ndio wa kukubali au kukataa, na kwa miaka mingi jibu limekuwa kukubali. Wote watano walikuwa Warepublican. Ukitoa useneta na urais, Mdemocrat wa mwisho kushinda kiti chochote cha jimbo zima hapa ilikuwa 2006, yaani kuna vijana wanapiga kura leo ambao hawajawahi kuona hicho kitu maisha yao.

Halafu kuna jambo ambalo hata watu wa hapa wengi hawalijui, tume hii ilikuwa haijapigiwa kura tangu 2020. Wapigakura weusi walienda kortini wakasema kila kamishna ana wilaya yake lakini anachaguliwa na jimbo zima, kwa hivo hata wilaya iliyojaa watu weusi haiwezi kumpata mtu inayemtaka. Kesi ikapanda ikashuka, kura ya 2022 ikasimamishwa, 2024 ikapita hivo hivo, na makamishna ambao muda wao umeisha wakaendelea kukaa vitini. Mwishowe walioshtaki walishindwa, na kura ikapangwa 2025, mwaka ambao hakuna rais, hakuna gavana, hakuna seneta, hakuna chochote cha kumtoa mtu nyumbani.

Na katika miaka hiyo ya kukaa bila kuulizwa ndio bei ilipanda. Mara sita ndani ya miaka mitatu hivi. Sehemu yake ni gesi ya kuzalishia stima iliyopanda dunia nzima baada ya vita vya Ukraine, hiyo hata mimi naielewa. Sehemu ni mitambo miwili mipya ya nyuklia ya Vogtle kule upande wa Augusta, iliyokamilika 2023 na 2024 ikiwa imechelewa miaka saba na imekula zaidi ya dola bilioni 30, zaidi ya mara mbili ya ilivyosemwa mwanzo, na sehemu kubwa ya mzigo huo imemwangukia mwenye mita. Na sasa kuna data senta, maghala ya kompyuta za mtandao. Ukizunguka nje ya Atlanta unayaona, majengo makubwa marefu hayana madirisha, yanakula stima usiku na mchana, na kila mtu anauliza swali lile lile, hizo nyaya na hizo mashine za kuyalisha atalipa nani?

Mwezi wa tisa tulikuwa na kikao cha mchango, mwenzetu amefiwa nyumbani. Baada ya hesabu za mchango kuisha dada mmoja wa Kisumu, anafanya kazi ya kutunza wazee, akatoa simu akafungua bili yake ya Agosti akasema jamani nisomeeni hii kitu manake mimi nashindwa. Tukaanza mstari kwa mstari. Mstari wa kwanza ni stima uliyotumia kweli. Wa pili ni mafuta ya kuzalisha hiyo stima. Halafu kuna gharama za mazingira, halafu ada ya mji, halafu ushuru juu ya vyote. Nakumbuka mzee mmoja pale, mtu wa miaka yake ambaye kwa siasa huwa anasimama na Warepublican bila kuficha kwa sababu ya mambo ya kanisa na familia, akauliza, hawa wanaotoza hizi pesa tunawachagua sisi ama wanateuliwa? Akaambiwa, shikamoo mzee, mnawachagua nyinyi, na kura ni Novemba. Akasema, basi nitaenda. Hakusema ataenda kumpigia nani na sikumuuliza, heshima ni heshima, lakini ile "nitaenda" yake nimekaa nayo sana.

Mimi nilienda mapema, kabla ya siku yenyewe. Ukumbi wa maktaba, foleni fupi, wengi wazee. Unabonyeza kwenye skrini, mashine inatoa karatasi, unaisoma kuhakikisha ni yale uliyochagua kisha unaipitisha kwenye ile mashine nyingine ya kuhesabu, na ukitoka unapewa kile kistika cha tunda la pichi. Kwangu mimi ninayekaa nje ya mpaka wa mji, vile viti viwili vya stima ndio kitu kilichonipeleka. Fikiria mtu anatoka kazini, anatafuta parking, anapanga laini, kwa sababu ya kamishna ambaye hata sura yake hajawahi kuiona.

Alicia Johnson na Peter Hubbard, wote Wademocrat, wakashinda kwa zaidi ya asilimia 60. Pengo la karibu pointi 25. Kwenye jimbo ambalo Trump alishinda kwa pointi 2 mwaka mmoja tu nyuma.

Warepublican wa hapa wana jibu lao na sio jibu la kipuuzi, nalisema kwa haki. Wanasema 2025 Atlanta ilikuwa inachagua meya, miji mingine mingi pia, na watu wa mijini ndio wapigakura wa Democratic, wakati kule mashambani kaunti nyingi hakukuwa na chochote kingine kwenye karatasi kwa hivo watu walikaa nyumbani. Ni kweli. Waliopiga kura walikuwa kama milioni 1.5 na 2024 walikuwa zaidi ya milioni 5. Lakini pointi 25 ni nyingi, bana. Mwaka 2024 miji ile ile ilipiga kura na Kamala Harris akashindwa. Mimi naona kuna Warepublican waliokaa nyumbani kwa makusudi, na kuna wengine kama mzee wetu waliotoka wakapiga kura kwa sababu ya bili. Na walikuwa wameshajaribu kuzima moto mapema, mwezi wa saba tume ilikubaliana na kampuni bei ya msingi isipande hadi mwisho wa 2028, gharama za kimbunga Helene zikiachwa kando. Watu walisikia, na bado wakaenda.

Ndio maana nasema hapa ndipo unapoweza kusikia moyo wa watu. New York kulikuwa na sura, kulikuwa na muziki, kulikuwa na kijana anayetabasamu na kubishana na wakubwa. New Jersey na Virginia kulikuwa na matangazo ya televisheni mpaka yakachosha. Georgia hakukuwa na sura yoyote. Kulikuwa na bei peke yake.

Na ukirudi sasa kuwaangalia wale walioshinda kule juu ukiwa umeshika bili mkononi, unaona kitu kimoja. Spanberger alikuwa afisa wa CIA. Sherrill alikuwa rubani wa helikopta jeshi la majini. Mamdani anajiita msoshalisti. Hawa watatu ukiwaweka meza moja hawatakubaliana mambo mengi, na tangu Novemba vyombo vya habari vimekuwa vikibishana ni nani kati yao ndiye njia ya chama, wa katikati ama wa kushoto. Lakini sikiliza walichokuwa wanasema kwenye kampeni. Sherrill aliahidi kutangaza hali ya dharura ya bili za stima siku ya kwanza akiingia ofisini, kwa sababu New Jersey bili zilipanda kwa karibu asilimia 20 mwezi wa sita. Mamdani, kodi ya nyumba isipande na mabasi yawe bure. Spanberger, gharama za maisha, pamoja na wafanyakazi wa serikali kuu waliofukuzwa na wengine kukaa bila mshahara, manake Virginia ya kaskazini ndio wanaishi pale na serikali ilikuwa imefungwa kwa kukosa bajeti tangu tarehe 1 Oktoba, ikakaa siku 43, haikuwa imewahi kutokea ndefu hivo. Mtu anayekosa mshahara wiki ya tano hahitaji kuelezwa itikadi.

Sasa naomba ndugu zangu mnaosherehekea mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu naona wengi mnakimbia mbele. Hii sio mapenzi kwa chama cha Democratic. Kura za maoni 2025 nzima zilionyesha chama hicho kikiwa hakipendwi kuliko wakati wowote miaka ya karibuni, hata wafuasi wake wenyewe wana hasira nacho. Watu hawa hawa, kwa sababu hii hii ya bei, ndio walimrudisha Trump 2024. Mayai, petroli, kodi ya nyumba. Aliwaambia atashusha bei siku ya kwanza na wakamwamini. Kaunti ya Passaic kule New Jersey, imejaa watu wa asili ya Latino, Paterson na Passaic na miji ile, Trump aliichukua 2024 na watu wakaandika makala kwamba Walatino wamehama moja kwa moja. Mwaka mmoja baadaye Sherrill akaichukua kwa pointi kama 15. Hawakuwa wamehama. Walikuwa wanatafuta mtu wa kuwapunguzia, wakamwendea mmoja, hakupunguza, wakamrudia mwingine, na huyo mwingine naye asipopunguza watamfanyia vile vile.

Ghala ninapofanya kazi kuna jamaa mmoja wa kutoka Guatemala, raia, ana watoto wanne. 2024 alimpigia Trump na alikuwa anatuambia wazi. 2025 nikamuuliza umepiga kura? Akaniambia hapana, amechoka, mara hawa wanakamata watu wa kanisani kwake mara bei ya nyama imepanda, na wale wengine alipowapa nafasi hawakufanya kitu. Huyo naye ni matokeo ya Novemba. Hayumo kwenye zile asilimia lakini yumo, kwa kutokwenda kwake.

Na historia inasema nini? Inasema mambo mawili yanayogombana. Kuna miaka ambayo kura hizi zilikuwa kama tangazo la mapema. 1993 Warepublican walichukua Virginia, New Jersey na hata umeya wa New York kwa Giuliani, 1994 wakaongeza viti 54 wakachukua bunge. 2009 wakachukua tena Virginia na New Jersey, mwaka wa kwanza wa Obama, na 2010 wakaongeza viti 63. 2017, mwaka wa kwanza wa Trump, Wademocrat wakashinda zote mbili kwa mbali na 2018 wakachukua bunge. Mtu akikuonyesha hiyo orodha unasema basi, 2026 imeisha.

Ila Virginia wana tabia yao pia. Tangu 1977 chama kilichoko White House kinapigwa teke kwenye kura ya gavana, mara moja tu ndio haikuwa hivo, 2013. Kwa hivo sehemu ya ushindi wa Spanberger ni mazoea ya pale, hata angekuwa rais malaika. 2001 Wademocrat walishinda Virginia na New Jersey na mwaka uliofuata wakapoteza viti, kwa sababu Septemba 11 ilikuwa imebadilisha kila kitu. 2021 Glenn Youngkin alishinda Virginia na kila mtu akasema 2022 ni mafuriko mekundu, rangi ya Warepublican, halafu Mahakama ya Juu ikafuta haki ya kutoa mimba mwezi wa sita na mafuriko yakawa kijito, Warepublican wakaongeza viti 9 tu.

Na 2023 ndio inaniuma mimi. Andy Beshear, Mdemocrat, alishinda tena ugavana Kentucky kwa pointi 5. Ohio wakaweka haki ya kutoa mimba kwenye katiba kwa karibu asilimia 57. Virginia Wademocrat wakachukua bunge la jimbo. Wakubwa wa chama wakasema mnaona, Biden yuko sawa, hizo kura za maoni zinazosema watu wamemchoka ni uongo. Tunajua kilichotokea. Mwaka mmoja baadaye Trump alishinda Kentucky hiyo hiyo kwa pointi 30 na akarudi White House.

Sababu yake ndio kitu ninachotamani kila mtu akielewe. Wanaopiga kura mwaka usio na rais ni watu wa aina fulani, wamesoma, umri umeenda, wanafuatilia habari kila siku, wanajua kamishna ni nani. Zamani za Obama watu wa namna hiyo wengi walikuwa Warepublican, ndio maana Obama alikuwa anashinda mwenyewe halafu chama chake kinachapwa kwenye kura za katikati ya muhula. Sasa hivi wamehamia kwa Wademocrat. Na wale wanaojitokeza mara moja kila miaka minne, vijana wa kiume, watu wa shifti mbili mbili, yule mwenzangu wa ghala, Trump alikuwa amewavuta wengi. Kwa hivo chama cha Democratic kinaingia kila uchaguzi usio na rais kikiwa na pointi kadhaa za bure mfukoni, na pointi hizo 2028 hazitakuwepo. 2026 zitakuwepo nusu.

Ukishazitoa hizo, bado naona kitu kimebaki. Tarehe 2 Desemba 2025 Tennessee walikuwa na kura ya kujaza kiti cha bunge, wilaya ya 7, Trump aliishinda kwa pointi 22, na Mrepublican Matt Van Epps ameshinda kwa 9 tu. Tarehe 9 Miami wamemchagua Eileen Higgins kuwa meya, Mdemocrat wa kwanza karibu miaka 30. Usiku huo huo hapa kwetu, upande wa Athens, Mdemocrat Eric Gisler amechukua kiti cha bunge la jimbo ambacho Trump alikuwa amekishinda bila shida. Na hapa Marietta meya wa miaka mingi, Steve Tumlin, alibaki ofisini kwa kura chini ya 100 mbele ya kijana wa miaka 24. Watu wanagonga mlango wa kila aliyeko ofisini.

Na serikali yenyewe imesoma hivo hivo, usiangalie maneno angalia vitendo. Usiku wa kura Trump aliandika kwamba Warepublican wameshindwa kwa sababu yeye hakuwa kwenye karatasi na kwa sababu serikali imefungwa, na baadaye akawa anasema hizi habari za maisha kuwa ghali ni uzushi wa Wademocrat. Lakini siku kumi tu baada ya kura, tarehe 14 Novemba, aliondoa ushuru wake kwenye nyama ya ng'ombe, ndizi, nyanya, kahawa na chai. Kahawa na chai! Mkulima wa Kericho na wa Nyeri aliyekuwa anabeba ushuru wa asilimia 10 tangu mwezi wa nne amepata nafuu kwa sababu mtu wa New Jersey amekasirika dukani. Kama zile kura hazikuwa na maana asingegusa ule ushuru.

Halafu Marjorie Taylor Greene. Huyu alikuwa mbunge wa Georgia kaskazini magharibi, hakuna aliyekuwa anampigania Trump kuliko yeye, na wakati serikali imefungwa yeye ndiye alisimama akasema bima ya afya ya watoto wake wakubwa itapanda mara mbili ruzuku za serikali zikiisha na chama chake hakina mpango wowote. Waligombana mpaka akajiuzulu tarehe 5 Januari 2026. Ruzuku hizo za bima ziliisha tarehe 31 Desemba 2025 na hapa Georgia watu kama milioni 1.5 walikuwa wananunua bima kwa njia hiyo, wakiwemo Wakenya wengi sana ninaowajua, madereva, wanaotunza wazee, wenye biashara ndogo ndogo ambao hawana bima ya kazini. Bei mpya wameshaziona kwenye mtandao. Juu ya hiyo tarehe 1 Januari 2026 ilianza ile kodi ya asilimia 1 kwa anayetuma pesa nje kwa keshi, kwa hivo mkiona mama anawaambia mwezi huu imepungua msimlaumu. Novemba watu walipiga kura kabla hata hizi hazijafika mlangoni.

Ila nataka niwe mkweli pia kuhusu kile kilichofuata kwenye ile tume, manake ndicho kinachonitia wasiwasi. Tarehe 19 Desemba 2025, Johnson na Hubbard wakiwa wameshinda lakini hawajaapishwa, tume ile ile ya zamani imeidhinisha mpango wa kampuni wa kuongeza karibu megawati 10,000, na kwa sehemu kubwa ni kwa ajili ya data senta. Imepita. Kura zaidi ya asilimia 60 zimesema kitu na wiki sita baadaye uamuzi mkubwa kuliko yote umefanywa na watu ambao wawili kati yao walikuwa wanafungasha. Ni halali kisheria, sijasema sio. Lakini yule mzee wetu nikimkuta kikao kijacho na akaniuliza ile kura ilifanya nini, nitamjibu kwa shida. Walipoingia Januari 2026 walikuwa wawili kati ya watano. Wanaweza kuuliza maswali hadharani, wanaweza kudai makaratasi, hawawezi kushinda kura ndani ya chumba.

Ndio sababu kwangu mimi kipimo cha kweli ni Novemba 2026. Kiti cha Hubbard kina mwaka mmoja tu, anatakiwa kukigombea tena, na kiti kingine cha Warepublican kinapigiwa kura siku hiyo hiyo. Wakishinda vyote viwili Wademocrat wana watatu kati ya watano. Na safari hii karatasi itakuwa imejaa, kuna ugavana kwa sababu gavana Brian Kemp muda wake unaisha, kuna useneta wa Jon Ossoff, kwa hivo watakuja watu wengi zaidi kuliko wale milioni 1.5, watakuja wa mashambani ambao 2025 hawakuwa na sababu ya kutoka, na labda atakuja na mwenzangu wa ghala. Hubbard akipata ushindi mbele ya umati huo, hata kwa pointi 3, hizo 3 nitaziamini kuliko hizi 25. Akishindwa nitajua kwamba hasira ya bei ipo lakini chama bado kinaizidi nguvu mtu akiona herufi R na D mbele yake.

Kwa Wakenya wenzangu wa kaunti za Cobb, Gwinnett na kwingineko mlioapishwa uraia mwaka huu, kujiandikisha kupiga kura kunafungwa mwanzoni mwa Oktoba, na unaweza kujiandikisha kwa simu ukiwa na leseni ya udereva ya hapa. Wenye bili za Agosti ziwekeni, msizifute. Mimi nataka tuzisome pamoja tena mwezi wa tisa, mstari kwa mstari, tuone ni upi umepanda na nani alikuwa amekaa pale ulipopanda.